Maumivu ya Miguu na Ugonjwa wa Huzuni

Leo tujifunze juu ya magonjwa mawili ambayo mara nyingi hufuatana.

Mishipa ya miguu

Damu hupita ndani ya mishipa kwenda miguuni. Kwa watu wengine mafuta hujijenga ndani ya mishipa hiyo, njia ikawa nyembamba. Hali hii huwapata zaidi wavuta tumbaku, wenye kisukari, wenye shinikizo la damu na wazee. Mgonjwa akitembea, shavu la mguu huuma. Akisimama dakika chache, maumivu huisha. Akitembea tena, hurudi.

Huzuni inavyoingia

Mkulima huyu zamani alifika shambani bila kupumzika. Sasa husimama njiani mara tatu. Watoto wake ndio wanaolima. Hujiona mzigo. Haendi sokoni wala msibani. Watu husema, "Mzee amekuwa mvivu." Maneno hayo si ya kweli, nayo humwumiza.

Si kila huzuni ni ugonjwa. Lakini huzuni ikidumu wiki mbili au zaidi, angalia dalili hizi:

(a) Hafurahii tena mambo aliyoyapenda.
(b) Halali vizuri.
(c) Hana hamu ya chakula.
(d) Anajilaumu bila sababu.
(e) Anasema afadhali afe.

Huenda huo ni ugonjwa wa sonona. Si uvivu, wala hakurogwa. Sonona hutibika.

Mwenye sonona hukaa tu. Huacha dawa zake. Huvuta sigara zaidi. Basi miguu huzidi kuuma, na huzuni nayo huzidi. Kwa hiyo tutibu yote mawili.

Tufanye nini?

1. Nenda zahanati. Eleza maumivu ya miguu. Eleza na huzuni pia, usione haya.

2. Acha tumbaku ya kila aina. Usiache dawa ulizopewa.

3. Mganga akikubali, fanya zoezi la kutembea. Tembea mpaka mguu uume sana, kisha pumzika. Maumivu yakiisha, tembea tena. Fanya hivyo kwa nusu saa, mara 3 kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi. Umbali utaongezeka pole pole. Jamaa mmoja afuatane naye, wazungumze njiani.

4. Nyumbani mpeni kazi anayoiweza, kama kuchambua mbegu. Ombeni shauri lake.

5. Akisema anataka kufa, msimwache peke yake. Ondoeni dawa za wadudu karibu naye. Mpelekeni kwa mganga siku hiyo hiyo.

Hatari: Mguu ukiwa baridi na kuuma sana kwa ghafula, nenda hospitali mara moja. Usiukande kwa maji ya moto. Kidonda cha mguu kisichopona nacho kionwe na mganga mapema.

Maswali

1. Dalili za sonona ni zipi?
2. Kwa nini si vizuri kumwita mgonjwa huyu mvivu?
3. Katika kijijini chenu, nani ameacha kutoka nyumbani kwa sababu ya miguu? Nani atakwenda kumwona?