Saa mbili za mchezo wa ng'ombe

SWALI: Nimerekodi mchezo wa ng'ombe Pujini, saa mbili. Kila nikitafuta wimbo naburuta mpaka nachoka. Nifanyeje? – Msomaji, Chake Chake

JIBU: Kwanza usikate kitu. Ukikata ovyo, alama utakazoweka na sauti zitapishana.

Katika programu ya Audacity, sikiliza mfululizo. Zumari likibadilisha mwendo, bonyeza Ctrl na M, uandike jina fupi huku sauti ikiendelea. Hiyo ni alama ya nukta tu. Wimbo unaoutaka mzima, uchague mwanzo hadi mwisho, kisha Ctrl na B: sasa una kipande. Kabla ya kutoa kila kipande kuwa faili lake, futa alama za nukta, la sivyo nazo zitakutolea mafaili. “Wimbo 3” si jina. Andika kijiji na mwimbaji.

Kwenye programu ya REAPER, nukta ni M, kipande ni Shift na R.