Shingo Inayoinama Siku Nzima

Leo ulipotoa salamu mwishoni mwa swala, shingo yako iligeuka hadi wapi? Maswahaba wamesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aligeuka mpaka weupe wa shavu lake ukaonekana. Miongoni mwetu wapo vijana wa miaka 22 wanaogeuza macho tu, kwa sababu shingo imekaza.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5, nacho kimekaa juu ya pingili 7. Kikiwa wima juu ya mabega, misuli haitumii nguvu nyingi. Kikisogea mbele, misuli ya kisogo na mabega hulazimika kukizuia kisianguke. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari mpasuaji wa uti wa mgongo huko New York, alikadiria kwa kompyuta kwamba kuinama nyuzi 60 huitwika shingo mzigo wa kama kilo 27. Hayo ni makadirio, hakupima shingo za watu, lakini yanatosha kutufikirisha.

Hata hivyo, shingo imeumbwa iiname. Kinachoichosha ni kubaki pale pale. Tazama teksi zinapokwama Jinja Road jioni hapa Nakawa: abiria 14, na karibu wote wameinamia simu. Kisha tunafika chumbani, kompyuta inawekwa kitandani, na saa 3 nyingine zinapita. Misuli iliyokazwa hivyo miezi na miaka huuma, maumivu hupanda kutoka kisogoni mpaka kichwani, na ile ya ndani upande wa mbele hudhoofika. Sipendi kulaumu mkao peke yake, maana usingizi mchache na hofu ya mitihani navyo huchangia.

Sisi wa masomo ya dini tuna letu: msahafu mapajani, kichwa kifuani, toka Alfajiri. Wazee wetu walitumia marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, na kuuinua namna hiyo ni adabu pia. Simu nayo iinue usawa wa macho. Kila nusu saa simama, geuza shingo taratibu kulia na kushoto.

Katika rukuu, Bi Aisha (R.A.) amesimulia, Mtume hakuinua kichwa wala hakukishusha, bali kilikuwa kati. Tunaswali kwa sababu ni ibada, si mazoezi ya viungo; lakini rakaa 17 za faradhi kila siku ni nafasi 17 za kuhisi shingo ikilingana na mgongo, ukirukuu kwa utulivu. Mwili una haki juu yako, hilo aliambiwa Abdullah bin Amr aliyezidisha hata ibada.

Mkono ukianza kufa ganzi au kukosa nguvu, au ukiyumba unapotembea, nenda hospitali. Usimpe kinyozi shingo aizungushe mpaka ialike.