Yule Aliyelala Kando ya Bwawa la Minaki



Vijana wenzangu, somo letu la leo ni kuhusu kupumzika. Nilitaka kulianza kwa Mtakatifu Tomaso, lakini itabidi nianze na kosa langu.

Jumatatu ya Pasaka tulitoka Temeke, vijana wa VIWAWA thelathini na wawili ndani ya kosta moja ya kukodi. Tulibeba sufuria mbili za pilau, mikeka, mpira, na gitaa lililokatika waya mmoja. Mimi nilibeba ratiba. Nilikuwa nimeichapa kabisa: sala, hija fupi Pugu, mada ya kwanza, Rozari, mada ya pili, maswali na majibu. Mapumziko yalipewa dakika thelathini. Jamani, dakika thelathini katika siku ya kutembea!

Pugu tulisimama kituo cha hija. Wamisionari Wabenedikto kutoka St. Ottilien, Ujerumani, walifungua misheni pale mwaka 1888, na tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ikashambuliwa na baadhi yao wakauawa. Hapo hapo Pugu ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha, katika shule ya Mtakatifu Fransisko, miaka ya mwanzo ya harakati za TANU. Alikuwa akitembea kwa miguu kwenda mjini kwenye mikutano, kama kilomita 20. Niliyasema hayo kwa sauti kubwa, nikaongeza: "Wenzetu hawakuchoka!" Nilijiona nimesema neno zito.

Kutoka Pugu tukaendelea upande wa Kisarawe hadi Minaki. Bwawa lenyewe limo ndani ya msitu wa Pugu-Kazimzumbwi unaosimamiwa na TFS. Wengine wanaliita Ziwa Minaki, ila usitegemee Ziwa Victoria. Ni maji yaliyotulia katikati ya miti, na ukisimama upande mmoja unauona upande wa pili. Ukizoea fujo za Coco Beach siku ya sikukuu, utashangaa unasikia ndege. Tulitandika mikeka kwenye kivuli, nikaanza mada ya kwanza: "Falsafa ya Kazi na Bidii ya Kijana Mkatoliki."

Dakika ya kumi hivi nikamwona kijana mmoja amelala. Si kusinzia, amelala kabisa, kapakata begi, mdomo wazi. Watu wakaanza kucheka chini chini. Nikakatisha mada, nikamwita kwa jina mbele ya wote: "Wewe, umekuja kulala au umekuja kumsikiliza Mungu?"

Akashtuka, akakaa vizuri. "Nisamehe, Frateri."

Nikaendelea. Mada ilipoisha, katibu wetu alinifuata pembeni, akasema taratibu: "Frateri, yule ni mlinzi. Ametoka lindo alfajiri akaja moja kwa moja kituoni. Na leo usiku anaingia tena. Dominika ya Pasaka yenyewe alikuwa zamu."

Niliishiwa maneno. Nikasogea kando ya maji nikakaa peke yangu, na lililonijia kichwani halikuwa kwenye ratiba. Ni Injili ya Marko sura ya 4. Ni jioni, Yesu amefundisha umati kutwa nzima, wanavuka ziwa, dhoruba inakuja, naye amelala nyuma ya chombo, kichwa kwenye mto. Wanafunzi wanamwamsha kwa lawama, kana kwamba hajali. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi nikiangalia dhoruba tu. Siku ile nilimwangalia aliyelala. Mwana wa Mungu alichoka akalala mbele za watu, na waliomlaumu ndio waliokosea. Mimi nilikuwa upande wa walaumu.

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 168, anauliza kama kunaweza kuwa na fadhila katika michezo. Jibu lake ni ndiyo. Anasema kama mwili unavyochoka na kuhitaji pumziko, roho nayo huchoka, na pumziko lake ni furaha. Anasimulia kisa cha zamani cha Yohane Mwinjili. Watu walikwazika kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, kisha mwingine, na mwingine. Akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kuacha. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Yohane akasema hata akili ya mtu ingevunjika isipolegezwa kamwe.

Fadhila hiyo Tomaso, akimfuata Aristotle, anaiita eutrapelia: kujua kucheza na kufurahi kwa kiasi, bila uchafu, kwa wakati na mahali panapofaa. Na kuna jambo ambalo mapadre wachache hulihubiri: katika kifungu cha nne anasema hata kukosa kabisa furaha ni kosa, maana mtu wa namna hiyo huwa mzigo kwa wenzake. Nilifaulu mtihani wa Tomaso chuoni. Kumbe mzigo ni mimi na ratiba yangu.

Lakini msikimbilie kusema, "Frateri ameruhusu starehe." Angalieni kitabu cha Kutoka, sura ya 20: Sabato inafungwa kwenye uumbaji. Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, inatoa sababu nyingine: mlikuwa watumwa Misri, basi mtumishi wako naye apumzike kama wewe. Kwa hiyo ukipumzika wewe, lazima uulize nani anakufanyia kazi saa hiyo. Katekisimu namba 2187 inatuonya tusiwape wengine kazi zisizo za lazima zitakazowanyima siku ya Bwana. Mlinzi wa usiku hana chaguo. Hospitali na maduka yanahitaji walinzi. Ila sisi wenye Dominika nzima tunaweza angalau tusimwongezee mada mbili.

Kabla ya kikao kijacho someni Marko 4:35-41 na 6:30-34. Kwenye sura ya 6 mitume hawana hata nafasi ya kula, Yesu anawaita wapumzike, na umati unawatangulia kwa miguu. Pumziko lao, nadhani, lilikuwa ni ile safari ya mtumbwi tu. Halafu kila mmoja amwulize mwenzake anafanya kazi siku gani na analala saa ngapi. Tunajuana majina, hilo hatujui.

Niliporudi kwenye mikeka niliwaita wote, nikamwomba yule kijana msamaha mbele ya wale wale walionisikia nikimkaripia. Mada ya pili nikaifuta. Wasichana wakaanza rede, wavulana mpira, mwenye gitaa akahangaika na waya zake tano. Yeye alinyoosha mkeka chini ya mti, akafunika uso kwa kofia. Pilau ilipopakuliwa alikuwa bado amelala, katibu akamwekea sahani na kuifunika kwa kanga. Aliamka saa tisa, akala, akaja kunisaidia kubeba sufuria hadi kwenye kosta. Saa kumi na moja na nusu tulimshusha njiani, karibu na lindo lake.