Mafunzo Niliyopata Kwenye Ramani Mbili za Anga

Nafundisha fizikia Mbuji, juu huku milimani Umatengo. Jioni hufungua kompyuta nikalinganisha ramani mbili za anga: ya eksirei kutoka setilaiti ya ROSAT, na ya mawimbi maikro kutoka Planck. Zote hupatikana bure kwenye intaneti. Haya ndiyo ziliyonifunza.

1. Elimu hii ilipita kwetu Afrika Mashariki. Uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ndiyo iliyobaini kwamba eksirei zimetapakaa katika makundi ya galaksi.

2. Galaksi si kila kitu. Kati ya galaksi za kundi kumejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii, na uzito wake unazidi wa nyota zote za kundi. Hiyo ndiyo inayotoa eksirei.

3. Gesi hiyohiyo hubadili mwanga wa kale. Mwanga uliosafiri tangu ulimwengu ulipokuwa na miaka kama 380,000, ambao leo hutufikia kama mawimbi maikro, ukipenya kundi, elektroni za gesi huuongezea nishati, hivyo hupungua kwenye masafa ya chini na kuongezeka kwenye ya juu. Wanafizikia Sunyaev na Zeldovich ndio waliolieleza hili. Tazama kundi la Abell 2319 kwenye ramani za Planck: kwenye gigahezi 143 ni doa jeusi, kwenye 217 halionekani, kwenye 353 linang'aa. "Mwalimu, limekwenda wapi?" aliniuliza mwanafunzi. Lipo palepale, karibu na 217 upungufu na ongezeko hulingana.

4. Kila ramani ina kitu inachokipenda. Msongamano wa gesi ukiongezeka maradufu, eksirei huongezeka mara nne. Kwa hiyo kiini hung'aa kuliko pembezoni. Mawimbi maikro hupima shinikizo, yaani msongamano mara joto, na kina cha doa hakipungui kwa umbali. Ndiyo maana Planck iligundua makundi mapya, na setilaiti ya eksirei ya XMM-Newton ikayathibitisha.

5. Zinapotofautiana, ndipo pa kuchimba. Kwa kuwa kila moja huhesabu msongamano kwa namna yake, tukizioanisha tunapata unene halisi wa kundi, kisha umbali wake, kisha kasi ya kutanuka kwa ulimwengu.

Walimu wenzangu wa Mbinga na Nyasa, wapeni vijana ramani zote mbili, na muwaache wabishane kwanza kabla hamjawapa jibu.