Kinanda cha Mabomba

Chukua chupa tupu. Pitisha pumzi juu ya mdomo wake. Chupa italia. Tia maji kidogo, upulize tena. Sauti itakuwa nyembamba zaidi. Jaribuni hapa darasani Kalemela. Mkifahamu jambo hilo, mmefahamu jinsi kinanda kikubwa cha kanisa kinavyolia.

Kinanda hicho kina mabomba mengi. Bomba refu hutoa sauti nzito. Bomba fupi hutoa sauti nyembamba. Mpigaji akibonyeza kibao, upepo huingia katika bomba. Zamani upepo ulitoka katika mivukuto kama ya mhunzi, lakini mikubwa sana. Watu waliikanyaga kwa miguu muda wote wa nyimbo. Walipoacha, kinanda kilinyamaza.

Tuangalie kinanda cha kanisa la Notre-Dame, mjini Paris, Ufaransa. Fundi Thierry alikijenga upya, akamaliza mwaka 1733. Baadaye fundi Clicquot alikibadili. Kisha fundi Cavaillé-Coll alikitengeneza tena, akamaliza mwaka 1868. Hakutupa kazi ya wenzake. Mabomba mengi ya zamani aliyatumia. Katika karne ya 20 umeme ulichukua kazi ya wakanyagaji. Leo kinanda kina mabomba karibu 8,000.

Tarehe 15 Aprili 2019, paa la kanisa liliungua. Kinanda hakikuungua. Lakini kiliingia vumbi la risasi, yaani madini yaliyofunika paa. Vumbi hilo ni sumu. Mafundi walikifungua, wakakisafisha, wakakirudisha mahali pake. Kanisa lilipofunguliwa Desemba 2024, kililia tena.

Fundi Cavaillé-Coll alitumia tena kazi ya waliomtangulia. Nasi tuna ngoma za wazee, mashine za kusaga na pampu za maji. Kabla ya kubadili kifaa, uliza kilivyotengenezwa. Kisha andika daftarini ulichobadili na tarehe. Sasa unajua kuandika. Fundi wa kesho atakushukuru.

MANENO MAPYA
mivukuto: vifaa vya kusukuma upepo
mhunzi: fundi wa kufua chuma

MASWALI
1. Bomba refu hutoa sauti gani?
2. Umeme ulichukua kazi ya nani?
3. Kwa nini kinanda kilisafishwa baada ya moto?
4. Taja kifaa kimoja cha kijiji chenu kilichobadilishwa. Nani anakumbuka kilivyokuwa? Mwulize, uandike.