Msimvishe Mwanagenzi Kilemba cha Ukoka

Mpelekee fundi cherehani mkongwe suruali iliyoshonwa na mwenzake, kitu cha kwanza ataigeuza ndani nje. Atapitisha kidole kwenye mshono wa makalio, atauvuta kidogo aone kama uzi unaachia, atatazama ncha za kitambaa kama zimepigwa ovaloki au zimeachwa zichanike zenyewe, kisha atahesabu mishono iliyoshika zipu pale chini. Upande wa nje hauangalii sana. Nje pasi inaweza kudanganya.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuwa mmoja wa waamuzi katika sherehe ndogo ya kumpongeza mwanagenzi bora wa ushonaji. Nguo zilikuwa zimebanwa ukutani kwa pini, na tukaambiwa tusizishushe kwa sababu mgeni rasmi yuko njiani. Tukatoa alama kwa macho, tukiwa tumesimama. Binti aliyeshinda alipewa cheti chenye fremu, akapigwa picha, akanywa soda. Baada ya wiki mbili nilimkuta kwenye baraza la fundi wake, anasubiri mwenye cherehani amalize kazi ili naye apate zamu. Cheti kilikuwa nyumbani kwao, juu ya kabati.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia watu wanaopanga shughuli kama hizi, wawe wenye gereji, wakuu wa vyuo vya ufundi, kamati za mtaa au vikundi vya kanisa na msikiti, kwamba kumtuza kijana wa ufundi ni kazi yenye utaratibu wake, na utaratibu huo si mgumu.

Anzeni na tarehe. Siku ya Ujuzi kwa Vijana Duniani ni tarehe 15 Julai kila mwaka. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipitisha mwishoni mwa mwaka 2014, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza 2015. Kwa Tanzania ni tarehe nzuri, maana maonyesho ya biashara ya Sabasaba huwa ndiyo kwanza yamemalizika na watu bado wanazungumzia bidhaa na ufundi. Lakini msing'ang'anie tarehe. Karakana yenye vijana wanne inaweza kufanya shughuli yake Jumamosi yoyote mchana, na ikafana kuliko ya ukumbini.

Kisha amueni nani anashindana na nani. Hapa ndipo manung'uniko mengi huanzia. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi stadi cha VETA anayejiandaa kwa cheti cha ngazi ya pili, na kijana wa gereji ambaye hajawahi kuona ubao wa darasa tangu darasa la saba, wanaweza kushindana vizuri tu, mradi wapewe kazi ileile, vifaa vilevile na saa zilezile. Msichoweza kufanya ni kuwapima kwa alama za mtihani wa kuandika, halafu mkasema mmempata fundi bora. Aliyeanza juzi naye asiwekwe na aliyekaa miaka mitatu. Tengeni kundi la wanaoanza na kundi la wanaokaribia kumaliza.

Kazi ya kushindania iwe ndogo, yenye mahali pa kujificha kosa. Kwa seremala, stuli inatosha: ina miguu minne, ina viungio vya ulimi na tundu, na ikikosewa kipimo inayumba sakafuni mbele ya watu wote. Kwa mwashi, kona ya ukuta wa tofali, kozi sita hivi, ipimwe kwa timazi, pima maji na guniya. Kwa fundi magari, toeni gari lenye hitilafu mliyoipandikiza wenyewe, muone anaanza kutafuta wapi. Anayekimbilia kufungua kila kitu si sawa na anayesikiliza kwanza, akauliza gari lilianza lini kusumbua, ndipo akachukua spana. Karatasi ya vigezo wapewe wiki moja kabla. Kijana asiyejua anapimwa nini anabaki kubahatisha.

Kuhusu waamuzi, kuna utaratibu mmoja ninaoupenda ambao unatumika katika WorldSkills, mashindano ya kimataifa ya vijana wa ufundi. Mashindano haya yana mizizi Hispania: mwaka 1950 vijana 12 wa Hispania walishindana na 12 wa Ureno mjini Madrid, na sasa hufanyika kila baada ya miaka miwili. Lyon, Ufaransa, mwaka 2024 kulikuwa na fani 59. Wao hugawa alama sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya kupima, na haina mjadala: urefu umetimia au haukutimia, taa imewaka au haikuwaka. Sehemu ya pili ni ya kuamua kwa jicho la fundi, na hapo waamuzi watatu hutoa alama kuanzia 0 hadi 3. Sifuri ni kazi iliyo chini ya kiwango cha soko, 1 imefikia kiwango, 2 imekipita, 3 ni bora kabisa. Wote watatu huinua kadi kwa pamoja, ili mdogo asimwangalie mkubwa usoni kwanza. Zikitofautiana kwa zaidi ya alama moja, wanazungumza, wanaitazama kazi tena, wanainua upya.

Kadi hizo mnaweza kuzikata kwenye boksi la biskuti. Ongezeni masharti mawili tu: kazi zipewe namba badala ya majina, na fundi asimpe alama mwanagenzi wake mwenyewe. Na nguo zishushwe ukutani, zigeuzwe.

Jambo jingine la kuiga huko WorldSkills ni medali ya ubora. Mbali na dhahabu, fedha na shaba, kila mshindani anayefikisha pointi 700 hupewa medali hiyo, hata akiwa wa kumi. Kwetu tumezoea mshindi mmoja kubebwa juu juu na wengine kurudi nyumbani kimya. Kama vijana sita wameshona suruali ambayo mteja angelipia bila kulalamika, tangazeni wote sita.

Sasa zawadi. Watu wa pwani wana neno kilemba, na katika ufundi kilemba kilikuwa ni ada ya heshima ambayo mwanagenzi au wazazi wake walimpa fundi pale kijana alipohitimu, iwe nguo, iwe fedha. Yaani siku ya kijana kusifiwa ilikuwa pia siku ya kumkumbuka aliyemfundisha. Kiswahili hichohicho kinatuonya juu ya kilemba cha ukoka, kile cha majani, anachovishwa mtu kwa sifa za bure. Cheti chenye fremu na dhahabu pembeni, kikitolewa peke yake, mimi nakihesabu humo.

Mpeni kijana kifaa. Mwashi apate mwiko, timazi na pima maji. Seremala randa na seti ya patasi. Fundi umeme multimita na bisibisi zenye mpini usiopitisha umeme. Kwa mshonaji cherehani ndiyo ndoto, lakini mkasi mzuri wa kukatia na futi visidharauliwe. Mnunue kwa kumshirikisha fundi wake, maana dukani kuna vifaa vinavyong'aa ambavyo havimalizi mwezi. Nimeona spana za zawadi zikipinda siku ya pili. Na msimpe fedha taslimu mbele ya watu; kabla ya jioni zitakuwa zimekwisha kwa wajomba na marafiki.

Zawadi nyingine ya maana ni kumlipia gharama za kutambuliwa ujuzi wake. Cheti chenu cha pongezi hakimfanyi awe na sifa rasmi, na mseme hivyo wazi asije akakipeleka kwa mwajiri akaaibika. Tanzania, VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina mpango wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani. Fundi huomba, huhojiwa kuhusu kazi alizofanya, huonyesha kwa mikono yake, na akikutwa na pengo hufundishwa pengo hilo bila kurudishwa mwanzo. Kenya, NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hutahini mafundi kwa madaraja, mtu akianzia daraja la tatu na kupanda hadi la kwanza. Ulizeni kwenye kituo kilicho karibu nanyi ada na ratiba ya mwaka huu kabla ya kuahidi jukwaani.

Hata hivyo cheti cha pongezi kiandikeni, ila kiseme kitu. "Kwa kufanya vizuri" haimsaidii mtu. Andikeni alichofanya: ametengeneza stuli ya mninga yenye viungio vya ulimi na tundu kwa saa nane, bila msumari, imebeba watu wawili bila kuyumba. Chini pawe na jina la fundi aliyemfundisha, pamoja na sahihi za waamuzi. Mteja akisoma hayo anajua anampa kazi nani. Na fundi akiona jina lake pale, mwakani hatasita kumwachilia kijana wake siku nzima aje kushindana.

Kwenye picha kuweni waangalifu. Wengi wa vijana hawa ni wadogo. Aliye chini ya miaka 18 aombewe ruhusa kwa mzazi au mlezi kabla picha yake haijatupwa mitandaoni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Picha nzuri zaidi, kwa maoni yangu, ni ya mikono ikiwa kazini.

Hotuba ziwe mbili, fupi. Mgeni rasmi akichelewa, endeleeni.

Mwisho wa siku, kazi zote zirudishwe kwa wenyewe, za walioshinda na za walioshindwa, zikiwa na alama ya chaki pale waamuzi walipoona kosa. Mwaka jana tulifanya hivyo karakana moja jirani na kwangu. Kijana aliyeshika nafasi ya tano alichukua stuli yake, akaiinamisha akatazama duara la chaki kwenye kiungio cha mguu wa nyuma, akamwita fundi wake wakatazama pamoja. Wengine tulikuwa tunapakua pilau. Tulipowaita kula wao walikuwa wameshaung'oa ule mguu.