Kuifundisha Pamba ya Bariadi Kunywa Maji

Chukua kitonge cha pamba nyuzi kutoka kiwanda chochote cha kuchambulia pamba pale Bariadi, ukitupe kwenye ndoo ya maji. Kitaelea, na ukirudi baada ya saa nzima utakikuta bado juu. Pamba ya duka la dawa, mmea uleule, huzama papo hapo. Usidhani hiyo ina matundu zaidi. Unyuzi wa pamba una mfereji katikati na vitundu vidogo sana ukutani tangu ukiwa shambani. Kinachozuia maji ni ngozi nyembamba ya nta na pektini juu ya selulosi, na nta yenyewe ni kama asilimia 1 ya uzito, au pungufu. Kazi ni kuivua ngozi hiyo bila kuyaua matundu.

Kwanza, chagua pamba safi, fifi (ya daraja la chini) iache. Iliyolowanishwa au kutiwa mchanga ili ipendeze mzani (tunajuana) itakupotezea siku. Pima gramu 50, ichambue kwa vidole mpaka iwe nyepesi kama povu.

Pili, tia maji ya mvua lita 2 kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Ya alumini hapana, kostiki (soda kali, yaani sodiamu hidroksidi) huila. Vaa glavu na miwani, fanyia kazi nje, kisha mimina gramu 20 za kostiki kwenye maji kidogokidogo. Kamwe usimwage maji juu ya kostiki. Ongeza sabuni ya maji kijiko kimoja ibebe nta.

Tatu, tia pamba na uichemshe saa moja, ikiwa imezama yote. Ikichomoza, hewa na kostiki ya moto vitashirikiana kuidhoofisha selulosi. Wala usizidishe kostiki ukitaka haraka. Ikifika karibu asilimia 18 na kuendelea, unyuzi huvimba na mfereji wake kubana. Ndiyo njia aliyoisajili Mwingereza John Mercer mwaka 1850, nzuri kwa nguo, si kwa kazi hii.

Nne, suuza kwa maji ya moto kwanza, kwani ya baridi huigandisha nta palepale ilipotoka. Endelea na maji safi, tia siki kidogo, suuza tena mpaka povu liishe kabisa. Hapa wengi hujidanganya: sabuni iliyobaki huizamisha pamba hata kama nta bado ipo.

Tano, anika kivulini huku ukiichambua. Joto kali hufunga vitundu, na vingine havifunguki tena.

Sasa pima. Gramu 5 ndani ya kikapu chepesi cha waya zizame ndani ya sekunde 10, kisha zishike angalau gramu 115 za maji. Hivyo ndivyo viwango vya pamba ya hospitali barani Ulaya.

Hata ikifaulu, bado haijatakaswa vijidudu. Usiiweke kwenye kidonda cha mtu.